Kubuni hospitali kubwa Dar es Salaam: kuanzia upepo hadi mochwari

Mwongozo huu ni wa timu inayopanga hospitali ya vitanda 600 hivi, Dar es Salaam mjini au pembezoni kama Kibamba, Bunju, Chanika na Kigamboni. Hesabu zote zimepigwa kwa ukubwa huo. Mwenye vitanda 200 agawe kwa tatu, ila upana wa korido na nafasi kati ya vitanda havigawanyiki.

Kila uamuzi upimeni kwa swali moja. Ni saa nane usiku, mwezi wa Februari, umeme umekatika na jenereta imegoma kuwaka. Mgonjwa aliyelala wodini anapumua hewa gani, maji anayapata wapi, na muuguzi anamwonaje? Hospitali yenye jibu zuri kwa swali hilo ndiyo hiyohiyo itakayokuwa na bili ndogo ya umeme mchana wa kawaida. Kwa hali ya hewa ya Dar, kumponya mgonjwa na kutunza mazingira huamuliwa na mistari ileile ya kwanza kwenye mchoro, kabla hakijanunuliwa kiyoyozi hata kimoja.

Hatua ya 1: Kiwanja kipimwe wakati wa masika

Eneo la sakafu kwa hospitali ya rufaa ni kati ya mita za mraba 100 na 120 kwa kila kitanda, yaani 60,000 hadi 72,000 kwa jumla. Kwa majengo ya ghorofa mbili hadi nne, bustani, maegesho na nafasi ya kupanuka, tafuteni ekari 40 hadi 50. Chini ya ekari 25 mtalazimika kupanda juu, na mkipanda juu mtakuwa watumwa wa lifti.

Kiwanja kinachovutia Januari kinaweza kuwa bwawa Aprili. Nendeni wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mkaangalie maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Waulizeni wakazi wa jirani maji yalifika wapi kwenye kuta zao, kisha mpime alama hizo. Mafuriko ya Bonde la Msimbazi yameshatoa somo la kutosha: sakafu ya chini ikae angalau milimita 600 juu ya alama ya juu kabisa ya maji, na chumba cha umeme, jenereta na mtambo wa oksijeni vikae juu zaidi ya hapo. Chumba cha chini ya ardhi kwa ajili ya umeme kisichorwe kabisa. Sehemu nyingi za jiji, hasa kuelekea pwani, maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi. Pampu ya kuyatoa itahitaji umeme, na umeme wenyewe ndio utakaokuwa umezama.

Chimbeni mashimo ya kupima udongo yasiyopungua matatu kwa kila jengo kubwa. Mchanga na mfinyanzi unaovimba huweza kupakana ndani ya kiwanja kimoja, na jengo refu likikalia vyote viwili litapasuka pale vinapokutana. Vibali vianze mapema na viende sambamba: Tathmini ya Athari kwa Mazingira kupitia mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, kibali cha ujenzi cha halmashauri, michoro ya Zimamoto, kibali cha kisima kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na idhini ya Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) kwa vyumba vya eksirei na tiba ya mionzi. Hii ya mwisho ndiyo husahaulika, halafu ukuta wa zege ulioshapigwa plasta unavunjwa kwa sababu ni mwembamba.

Hatua ya 2: Mistari ya kwanza hufuata jua na pepo mbili

Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini. Mwezi Juni saa sita mchana husimama nyuzi 60 upande wa kaskazini, na Desemba nyuzi 73 upande wa kusini. Kwa dirisha la urefu wa mita 1.5, kivuli kamili cha saa sita kinahitaji kibaraza cha sentimita 87 kaskazini na sentimita 46 tu kusini. Jua la mashariki na magharibi huingia chini ya kibaraza chochote.

Kwa hiyo lazeni majengo marefu mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Kwenye ncha mbili wekeni ngazi, stoo na vyoo, kuta zisizohitaji madirisha makubwa. Jengo likikengeuka kwa nyuzi 15 si neno. Likikengeuka kwa 45 kila wodi itapata jua la jioni kitandani.

Upepo nao husaidia. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na mchana upepo wa bahari huingia kutoka mashariki. Zote tatu zina asili ya mashariki, kwa hiyo upande wa magharibi wa kiwanja ndio mkia wa upepo karibu mwaka mzima. Huko ndiko pa kuweka jengo la kifua kikuu, tanuri la taka, mtambo wa maji taka na jenereta. Angalizo moja: usiku wa manane hadi alfajiri upepo mwepesi wa nchi kavu hurudi kuelekea baharini, kwa hiyo acheni pia umbali wa mita 50 au zaidi kati ya vitu hivyo na wodi.

Majengo yasipangwe mstari mmoja kama mabehewa, maana la mbele hulinyima la nyuma hewa. Yapisheni, la pili litazame pengo la la kwanza, na kati yake acheni angalau mara mbili ya kimo cha jengo.

Hatua ya 3: Wodi

Hapa ndipo pesa na muda vinapostahili kutumika. Kosa linaloonekana mara nyingi ni korido ya katikati yenye vyumba pande zote mbili. Hupunguza gharama ya ujenzi, lakini hewa inayoingia dirishani hugonga mlango uliofungwa na kuishia hapo. Baada ya mwaka mmoja kila chumba kina kiyoyozi cha ukutani kinachozungusha hewa ileile ya wagonjwa sita.

Tumieni wodi ya safu moja. Upande wa kaskazini unakuwa baraza la upana wa mita 2.4, ambalo ndilo korido yenyewe: vitanda viwili vinapishana, na jua la Juni haligusi ukuta. Mvua ya masika huja zaidi na upepo wa kusi, kwa hiyo baraza la kaskazini hubaki kavu zaidi. Upande wa kusini ni madirisha yanayotazama bustani, yenye kibaraza cha sentimita 90. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa 1897, ilijengwa ikiutazama upepo wa bahari na ikapewa mabaraza, zama ambazo hakukuwa na kiyoyozi cha kufichia mchoro mbaya.

Chumba cha vitanda sita kipimwe hivi: vitanda vitatu kila upande, vichwa ukutani, miguu ikitazamana, njia ya mita 2.4 katikati. Kutoka katikati ya kitanda hadi katikati ya kinachofuata iwe mita 2.4. Chumba kizima kinakuwa takriban mita 7 kwa 7.2, na hewa inapita katikati kutoka kusini hadi kaskazini bila kukatiza vichwa vya watu. Dari liwe mita 3.3 hadi 3.6, na mapanga ya feni yasishuke chini ya mita 2.4 kutoka sakafuni.

Sasa hesabu ya madirisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2009 kuhusu hewa ya asili unataka lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na lita 160 kwa vyumba vya magonjwa yanayoambukizwa kwa hewa. Wagonjwa sita ni lita 360. Kanuni ya kukadiria: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo, kwa eneo la uwazi mdogo kuliko yote, kisha kwa 1,000. Upepo ukiwa mita 1 kwa sekunde mnahitaji uwazi wa mita za mraba 0.55 kila upande. Wengi huishia hapo. Lakini usiku upepo hushuka hadi 0.3, na uwazi unaohitajika unapanda hadi 1.85. Wavu wa mbu hula karibu nusu ya upepo mwepesi, kwa hiyo zidisheni mara mbili: mita za mraba 3.7 upande wa kusini na 3.7 upande wa kaskazini, kwa kila chumba cha vitanda sita.

Eneo hilo ni uwazi halisi. Dirisha la kioo la kusukuma kando hufunguka nusu tu ya upana wake. Luva za kugeuza hutoa karibu eneo lote, na hata mvua ikinyesha zinaweza kubaki wazi robo. Wekeni pia luva zisizofungika za kimo cha sentimita 30 chini ya dari, kwa sababu mgonjwa anayesikia baridi saa kumi alfajiri atafunga kila anachoweza kukifikia.

Kwa siku ambazo hakuna upepo kabisa, feni za dari huleta nafuu ya joto lakini hazileti hewa mpya. Kila chumba kiwe na feni ya kutolea nje ya angalau lita 360 kwa sekunde, iliyounganishwa kwenye laini ya jenereta. Kwa Singapore, yenye joto na unyevu wa aina hii, hospitali ya Khoo Teck Puat iliyofunguliwa 2010 iliweka mapezi ya ukutani yanayokamata upepo unaopita sambamba na jengo na kuusukumia wodini. Kwa Dar mapezi hayo yanafaa sana upande wa kusini, kwa kuwa kusi huja kwa mshazari.

Wodi moja iwe na vitanda 28 hadi 30: vyumba vinne vya sita na vinne hadi sita vya mtu mmoja. Meza ya muuguzi iwe barazani katikati, ukuta wa upande huo uwe na kioo kuanzia mita moja, ili akisimama aone angalau vyumba viwili bila kutembea. Sinki la kunawia mikono liwe mlangoni mwa kila chumba, la bomba la kusukuma kwa kiwiko. Likiwekwa ndani nyuma ya kitanda halitatumika.

Kuhusu kelele: WHO inapendekeza desibeli 30 wodini usiku. Mkijenga kando ya barabara ya daladala hamtaifikia kwa madirisha wazi, kwa hiyo wodi zikae ndani ya kiwanja, na kliniki na ofisi ziwe ngao upande wa barabara.

Hatua ya 4: Amueni nini kipozwe, na kipozwe vizuri

Vinavyopozwa ni hivi: vyumba vya upasuaji, ICU (wagonjwa mahututi), watoto njiti wasio kwenye kangaruu (kubebwa kifuani kwa mama), maabara, utakasishaji wa vifaa, stoo ya dawa, na mashine za picha za MRI na CT. Lengeni theluthi moja ya sakafu isizidi. Vikusanyeni pamoja ili mabomba ya maji baridi yawe mafupi.

Tatizo la Dar ni unyevu. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa jasho inapogusa kitu chenye nyuzi 25 na ushee. Chumba cha upasuaji kikiwekwa nyuzi 20 na ukuta wake ukapakana na korido iliyo wazi, maji yatajikusanya upande wa korido, nyuma ya rangi, na miezi sita baadaye mtaona madoa meusi ya kuvu kwenye kona za dari. Kupaka rangi upya hakutasaidia. Tiba ni tatu: zungusheni vyumba baridi kwa korido ya kati iliyopozwa kiasi cha nyuzi 25, kizuizi cha mvuke kikae upande wa nje wa ukuta, ule wenye joto, na mabomba ya maji baridi yavalishwe mpira wenye vishimo vilivyofungika, unene wa milimita 25 hadi 40, viungio vyote vigundishwe. Kiungio kimoja kilichoachwa wazi hulowesha mita mbili za dari.

Kwa upasuaji: mizunguko 20 ya hewa kwa saa, minne kati yake hewa mpya, na msukumo wa ndani uzidi wa korido kwa paskali 2.5. Hewa ipozwe hadi karibu nyuzi 12 ili iachie maji, kisha ipashwe tena kwa joto linalotupwa na mtambo wenyewe. Hita za umeme kwa kazi hiyo ni kulipa bili mara mbili. Mapezi ya mashine za nje yapakwe epoksi kiwandani, la sivyo chumvi itayala.

Hatua ya 5: Njia za watu, na watu hao ni wengi kuliko wagonjwa

Mgonjwa mmoja wa Dar huja na ndugu. Asubuhi, mchana na jioni geti hujaa watu na hotpoti, chupa za uji na mifuko ya nguo. Mchoro usiowapa nafasi utawakuta wamelala kwenye ngazi. Jengeni banda la ndugu karibu na geti la wodi, lenye paa, mabenchi, vyoo, maji ya kunywa, soketi za kuchajia simu, karo za kufulia na kamba za kuanikia. Lipeni mita za mraba 1.2 kwa mtu, kwa watu wasiopungua 500. Acheni pia mahali rasmi pa mama lishe na kituo cha bajaji na bodaboda nje ya geti kuu, maana watakuwepo mkitaka msitake, na wasipopangiwa watakaa kwenye njia ya gari la wagonjwa.

Majeruhi wengi huletwa kwa bajaji, teksi au gari la polisi. Mlango wa dharura uwe na njia pana ya kuzunguka, kivuli cha kimo cha mita 4, na machela zikae mlangoni. Geti lake liwe peke yake.

Idara zote ziungane kwa mtaa mmoja wa ndani, upana mita 6, wenye paa na pande zilizo wazi. Mgeni akiingia aone mapokezi, dirisha la bima na malipo, famasi na maabara kwa mpangilio anaoupitia. Alama ziwe za Kiswahili, herufi kubwa, na rangi moja kwa kila jengo hadi sakafuni.

Lifti hesabuni kuwa itaharibika. Rampu ya 1 kwa 12, kwa kimo cha ghorofa cha mita 4.2, ina urefu wa mita 50, na ukiongeza mapumziko kila baada ya mita 9 inafika 58 kwa ghorofa moja. Kumsukuma mgonjwa ghorofa tatu ni mita 174 za kupanda. Ndiyo sababu leba, upasuaji, ICU na dharura vinakaa chini na ghorofa ya kwanza, na juu zinabaki wodi za wanaoweza kutembea.

Moto: wagonjwa wahamishwe kwanza kwa usawa, kutoka sehemu moja ya ghorofa kwenda nyingine iliyotengwa kwa ukuta na mlango wa dakika 60, si kuteremshwa ngazi. Msiweke nondo za madirisha zenye kufuli. Kama wizi ni hofu, tumieni luva zenye fremu ya chuma.

Mochwari huchorwa mwisho na hutumika kila siku. Iwe na barabara na geti lake, lisipite mbele ya wodi ya wazazi wala kliniki. Familia nyingi za Kiislamu huzika siku hiyohiyo, kwa hiyo vyumba vya kuoshea maiti viwe viwili au vitatu, meza ya terazo yenye mteremko wa asilimia 2, maji ya vuguvugu, mfereji unaoingia kwenye maji taka ya hospitali. Meza zilazwe kwa kufuata kibla, ambacho kwa Dar ni karibu kaskazini kamili. Nje kuwe na kivuli cha waombolezaji na nafasi ya Coaster nne kugeuza.

Hatua ya 6: Maji

Hesabuni lita 400 kwa kitanda kwa siku, kufua na kupika vikiwemo: lita 240,000. Akiba iwe ya siku tatu, mita za ujazo 720, katika matangi yasiyopungua mawili ili moja lioshwe lingine likifanya kazi. Tangi la zege lililofukiwa ardhini pwani lina hatari yake: likiwa tupu na maji ya ardhini yamepanda, huibuka na kukata mabomba. Ni salama zaidi likae juu ya ardhi, chini ya paa. Mnara wa mita 20 wenye mita za ujazo 60 hutoa shinikizo la baa 2 kwa saa sita bila pampu.

Simtanki nyeusi juu ya paa ni shida kwa hospitali. Maji yake hupita nyuzi 30, na bakteria wa lejionela, wanaoleta nimonia, hukua kati ya 25 na 45. Matangi yawe kivulini, maji yasikae zaidi ya siku tatu, klorini ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita hata kwenye bomba la mwisho, na maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60.

Laini ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, iwe chanzo cha kwanza, kisima kirefu cha pili. Kisima cha karibu na bahari pimeni chumvi kabla ya kununua pampu, na mpime tena mwisho wa kiangazi, kwa kuwa maji ya bahari huingia ardhini kadiri mnavyovuta. Maji ya chumvi huziba hita za mitambo ya kutakasia vifaa ndani ya miezi.

Mvua inasifiwa kuliko inavyotoa. Mapaa ya mita za mraba 10,000 kwa mvua ya milimita 1,100 hutoa takriban mita za ujazo 8,800 kwa mwaka, na matumizi yenu ni 87,600. Hiyo ni asilimia 10, tena karibu robo yake hushuka Aprili pekee. Ikusanyeni kwa vyoo, bustani na zimamoto, msiihesabu kama maji ya upasuaji. Chanzo kinachopuuzwa ni usafishaji damu: kipindi kimoja cha saa nne hutumia lita 120 za maji safi kabisa, na mtambo hutupa kiasi kama hicho. Mashine 20 kwa zamu tatu hutupa lita 7,200 kila siku, zinazofaa kabisa kuflashia vyoo.

Hatua ya 7: Maji taka na taka ngumu

Maji taka ni karibu asilimia 80 ya maji mliyotumia, mita za ujazo 190 kwa siku. Palipo na ardhi, tumieni matangi ya kutuamisha yakifuatiwa na vitalu vya kokoto vilivyopandwa matete, mita za mraba 3,000 hadi 4,000. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetafiti mfumo huu kwa miaka mingi. Maji yapite chini ya kokoto, yasionekane juu, mbu wasipate pa kutagia. Mafuta ya jikoni yanaswe kwanza, la sivyo kokoto zitaziba. Mkojo wa wagonjwa waliopewa iodini-131, dawa yenye mionzi, uende kwenye tangi lake na kukaa siku 80 hivi.

Takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida, zikitengwa vizuri. Chumba cha taka kiwe na ndoo za rangi, sakafu inayooshwa na, zaidi ya yote, wavu wa chuma hadi darini: kunguru wa Dar hufungua mfuko kwa dakika. Tanuri liwe la vyumba viwili, nyuzi 850 na nyuzi 1,100, na lichome tu kile ambacho mvuke hauwezi kutakasa. Leba iwe na shimo lake la kondo la nyuma.

Hatua ya 8: Umeme na oksijeni

Gawanyeni mzigo mara tatu: usiokatika hata sekunde (upasuaji, ICU, inkubeta), unaorudi ndani ya sekunde 15, na unaoweza kusubiri. Jenereta ziwe mbili, kila moja iweze kubeba makundi mawili ya kwanza peke yake. Jenereta ya kVA 500 kwa robo tatu ya mzigo hunywa karibu lita 80 kwa saa, kwa hiyo siku tatu ni lita 5,760 za dizeli.

Sola ya kilowati 300 huchukua takriban mita za mraba 2,000 za paa na kutoa kama uniti 420,000 kwa mwaka, nyingi zikija mchana viyoyozi vinapovuta zaidi. Jambo linaloshtua wengi siku ya kwanza: inveta ya kawaida, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uweze kutumika, hujizima yenyewe umeme wa gridi ukikatika. Mkitaka sola iwake gizani agizeni inveta yenye betri inayoweza kuunda gridi yake, na iandikwe kwenye mkataba.

Oksijeni iwe na vyanzo vitatu: mtambo wa kuzalisha, mtambo wa pili au tangi la kimiminika, na mitungi ya akiba inayojifungua yenyewe. Mabomba ni shaba iliyosafishwa mafuta, na wakati wa kuchomelea naitrojeni ipite ndani. Fundi akiruka hilo, magamba meusi hubaki bombani na kuziba vipimo vya vitandani. Kila wodi iwe na valvu yake ndani ya kisanduku cha kioo.

Hatua ya 9: Bustani

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo huko Pennsylvania. Waliotazama miti dirishani walikaa wastani wa siku 7.96, waliotazama ukuta wa matofali siku 8.70, na wa kwanza walitumia dawa kali za maumivu chache zaidi. Idadi yao ni ndogo, lakini dirisha la kusini halina gharama ya ziada, basi lifungulieni mti.

Mwarobaini na mjohoro hufaa kwa kivuli. Mwembe uwe mbali na vitanda, kwa kuwa maembe huita popo. Mnazi usiwe juu ya njia. Mvinje na mkungu vikae mita 10 kutoka kwenye mabomba. Bwawa la maji la mapambo liachwe: jiji hili limepata milipuko ya homa ya dengue, na mbu wake huridhika na maji ya kifuniko cha chupa. Kwa sababu hiyohiyo mifereji ya paa iwe na mteremko wa kutosha na ifikike kwa ngazi.

Hatua ya 10: Vifaa vya kumalizia

Terazo ya kumwaga hushinda marumaru wodini, maana viungio vyake ni vichache. Shuka la vinaili lisibandikwe mpaka unyevu wa hewa ndani ya zege uwe chini ya asilimia 75, la sivyo litavimba kama chapati. Milango ya mbao za kubandika huvimba vyooni, tumieni alumini au plastiki ngumu. Bawaba na skrubu karibu na bahari ziwe chuma cha pua daraja la 316. Zege la nje lifunike nondo kwa milimita 50, na mchanga wa ufukweni usiingie kiwanjani kabisa.

Mashine nzito, MRI na kichapuzi cha tiba ya mionzi, zikae chini, na acheni ukuta mmoja wa nje unaobomoleka kirahisi. Mashine ya kwanza itaingia kabla ya ukuta, ya pili itakuja baada ya miaka kumi.

Hatua ya 11: Jaribuni kabla ya kupokea

Kabla ya kujenga wodi zote jengeni chumba kimoja cha vitanda sita, kamili, hadi soketi. Waiteni wauguzi, wafanya usafi na fundi wa matengenezo, wasukume kitanda, wabadilishe shuka, waoshe kuta. Usiku usio na upepo washeni chetezo cha udi dirishani upande wa kusini na mtazame moshi. Ukivuka chumba na kutokea barazani, sawa. Ukipanda na kuzunguka chini ya dari, luva za juu ni ndogo. Kubadilisha luva za chumba kimoja ni kazi ya siku mbili.

Siku ya makabidhiano zimeni umeme mkuu mchana kweupe bila kumwambia mkandarasi saa, na mrudie usiku. Fungeni bomba la DAWASA kwa saa 24. Fungeni mtambo wa oksijeni na mhesabu sekunde hadi mitungi ya akiba ichukue zamu. Kipindi cha uangalizi wa kasoro kiwe miezi 12 isiyopungua, ili jengo lipite masika moja, kaskazi moja na kusi moja, na fedha ya dhamana isiachiliwe mpaka dari za vyumba vya upasuaji zikaguliwe baada ya masika.